DAWA IPIMWE KARIBU NA MGONJWA

MWAKA 2007 wataalamu wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Karolinska ya nchini Sweden, walifanya uchunguzi katika kituo cha afya cha Fukayosi, wilayani Bagamoyo. Watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano waliokuwa wakiugua malaria walipewa dawa ya mseto, ile ambayo wananchi wameizoea kwa jina la ALu, na ambayo wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutumika nchini badala ya SP. Baadhi ya watoto walimeza kila dozi mbele ya wauguzi. Wengine walirudi nayo nyumbani, na mama zao ndio waliokabidhiwa jukumu la kuhesabu vidonge na saa.

Siku ya saba kila mtoto alitolewa tone la damu kwenye ncha ya kidole, likakaushwa katika karatasi maalumu, ili ijulikane ni kiasi gani cha lumefantrini, mmojawapo wa mseto huo, kilichokuwa bado kimo mwilini. Wengi sana wa watoto wa makundi yote mawili walipona. Mama wa Fukayosi, ambaye katika semina nyingi husemwa kwamba hafuati maelekezo ya daktari, alionyesha kuwa akielezwa vizuri na akapewa dawa iliyo kamili, hutimiza wajibu wake sawasawa. Tungependa waandaaji wa semina hizo walikumbuke jambo hilo.

Lakini leo hatukusudii kumzungumzia mama. Tunakusudia kuizungumzia ile karatasi. Tone la damu lilitoka Fukayosi, lakini mashine ya kulisoma haikuwapo Fukayosi, wala Bagamoyo mjini. Kujua kilichomo katika damu ya mtoto wa Mkwere kulihitaji maabara ya mbali, mashine ya thamani kubwa, umeme usiokatika na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo kwa miaka. Na ilivyokuwa kwa damu ndivyo ilivyo hata sasa kwa kidonge chenyewe. Mganga wa zahanati ya kijiji hufungua kopo, huhesabu vidonge, huandika katika daftari, na kumkabidhi mgonjwa. Ana hakika ya jina lililoandikwa juu ya kopo. Hana njia ya kujua kilichomo ndani ya kidonge.

Hilo si jambo dogo. Mwaka 2009 iligunduliwa nchini kwamba dawa ya malaria iliyouzwa kwa jina la Metakelfin katika maduka yapatayo 40 ilikuwa ya bandia, na haikuwa na dawa ya kutosha ndani yake. Mwaka 2012 zikagunduliwa dawa bandia za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI katika hospitali ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara, na Serikali ikalazimika kuzirudisha kutoka vituoni. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja katika kila kumi ama ni ya bandia ama ni duni.

Hapana budi tutofautishe mambo hapa, kwa kuwa mara nyingi yanachanganywa. Dawa ya bandia ni kazi ya mhalifu, naye anastahili mkono wa sheria. Dawa duni huenda ilitengenezwa kiwandani na watu wenye leseni, lakini kwa uzembe au kwa kubania malighafi. Na iko ya tatu, ambayo hakuna aliyekusudia uovu: dawa nzuri iliyoharibika njiani au ghalani. Dawa ya mseto hutakiwa kuwekwa mahali pasipozidi nyuzi 30 za joto. Mtu yeyote aliyewahi kukaa chini ya bati mwezi wa Februari katika mwambao huu, iwe Bagamoyo, Makurunge au Kiwangwa, anajua kwamba agizo hilo ni rahisi kuliandika kwenye kopo kuliko kulitimiza. Kwa mgonjwa zote tatu zina matokeo mamoja.

Wala hasara haiishii kwa mgonjwa mmoja. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu vijidudu vya malaria viliizoea. SP nayo ikatushinda, ikaondolewa mwaka 2006. Sasa tunategemea dawa zitokanazo na artemisinini, na tayari uchunguzi uliofanywa Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 2022 umethibitisha kwamba wako vimelea ambao dawa hizo huwaondoa mwilini polepole kuliko ilivyotakiwa. Kidonge chenye nusu ya dawa hakimuui kimelea. Humfundisha. Taifa ambalo haliwezi kupima kidonge chake kijijini halitajua, ugonjwa utakapogoma kupona, kama lawama ni ya kimelea, ya kopo, au ya mgonjwa aliyeacha dozi katikati. Mara nyingi atalaumiwa mgonjwa.

Haki inatudai tuseme kwamba Serikali haikukaa bure. Ilikuwapo sheria ya dawa na sumu ya mwaka 1978. Ikaja sheria ya mwaka 2003 iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo tangu mwaka 2019 imekuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Maabara yake ya Dar es Salaam ilithibitishwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2011, na mwaka 2018 Tanzania ikawa nchi ya kwanza katika Afrika kutambuliwa na shirika hilo kuwa imefikia ngazi ya tatu katika usimamizi wa dawa. Tena mapema, kuanzia mwaka 2002, wakaguzi walipewa masanduku ya maabara ndogo yaliyobuniwa Ujerumani, yakapelekwa mipakani, bandarini na mikoani. Katika majaribio ya kwanza zilipimwa sampuli zaidi ya 1,200, na zilizoshindwa zilikuwa chini ya nne katika kila mia.

Sanduku hilo ni chombo cha maana. Kidonge husagwa, huyeyushwa, tone lake hupandishwa juu ya bamba maalumu, na doa linalotokea hulinganishwa na doa la dawa iliyo halali. Lakini linahitaji vimiminika vinavyowaka moto, taa maalumu, jicho lililozoea na muda wa kutosha. Dawa iliyopunguzwa sana litaikamata. Iliyopunguzwa kidogo inaweza kulipita. Nalo hukaa kwa mkaguzi, na mkaguzi hafiki kila kijiji kila mwezi, kwani naye ana gari moja na mafuta ya kuombea kibali.

Ndiyo maana tunapenda kuwaelekeza wasomaji wetu, hasa watumishi wa Serikali na walimu, kwenye elimu nyingine ambayo inaendelea kukua katika vyuo vingi vya ulimwengu: elimu ya kupima dawa kwa umeme, kwa kutumia vihisio vya kielektrokemia. Jina ni zito lakini jambo lenyewe limo majumbani mwetu. Kile kipimo cha sukari ambacho mgonjwa wa kisukari hutumia, cha kuchoma kidole na kugusisha damu kwenye kibanzi, ni kihisio cha namna hiyo. Juu ya kibanzi pamewekwa kimeng'enya kinachoichagua sukari peke yake. Sukari inapobadilika huachia elektroni. Elektroni hupita kama mkondo wa umeme. Na mkondo ukiwa mkubwa, sukari ni nyingi. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi lilitolewa na Mmarekani Leland Clark mwaka 1962. Kabla yake, mwaka 1922, Jaroslav Heyrovský wa Prague alikwisha kuonyesha kwamba vitu vilivyomo katika kimiminika vinaweza kutambuliwa kwa kuongeza volti kidogo kidogo na kutazama mkondo unavyopanda. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1959.

Dawa nyingi zina tabia hiyo hiyo. Chukua parasetamoli. Iyeyushwe katika maji yenye chumvi kidogo, igusishwe kipande cha kaboni, na volti iongezwe taratibu. Mwanzoni hakuna kitu. Ikifika kiasi fulani, ambacho ni chini ya volti moja, parasetamoli huanza kutoa elektroni zake na mkondo hupanda ghafla, kisha hushuka. Ukichora mstari wake katika karatasi utaona kilima. Mahali kilima kiliposimama hutuambia ni dawa gani. Urefu wa kilima hutuambia ni kiasi gani. Amoksilini nayo ina kilima chake, na dawa nyingi nyingine kadhalika. Kazi hiyo huchukua dakika chache na huhitaji matone tu ya kimiminika.

Na parasetamoli si mfano wa kuokota. Wahalifu waliotengeneza dawa bandia za malaria huko Kusini-Mashariki mwa Asia walionekana wakitia parasetamoli ndani yake, ili homa ishuke na mgonjwa aamini kwamba anapona huku vimelea wakiendelea kuzaana. Ni uovu uliopangwa kwa akili. Kibanzi cha kaboni cha bei ndogo kingeuona kilima cha parasetamoli mahali ambapo hakikutakiwa kuwapo.

Sasa wako watakaosema kwamba tumepata mwarobaini. La hasha. Msomaji asidanganywe na maneno matamu ya wauzaji wa mashine. Artemetha, ambayo ndiyo nguvu ya dawa yetu ya mseto, haitoi elektroni kwa urahisi. Hutakiwa izipokee, katika kile kiungo chake cha oksijeni mbili. Tatizo ni kwamba oksijeni ya hewa iliyoyeyuka ndani ya maji hupokea elektroni vilevile, na kelele yake huifunika sauti ya dawa, mpaka iondolewe kwanza. Wataalamu wamejaribu kuirahisisha kazi hiyo kwa kutumia himu, kitu chenye chuma kilichomo katika damu. Hapa pana jambo la kustaajabisha: chuma cha damu ndicho kinachoiamsha dawa hiyo ndani ya kimelea hata ikamuua. Maana yake ni kwamba kihisio hukiiga kifo cha kimelea. Lumefantrini nayo ina ukaidi wa namna yake, kwani haipendi kuyeyuka majini, na ndiyo sababu mgonjwa hushauriwa kuimeza pamoja na chakula chenye mafuta.

Kisha kidonge si dawa tupu. Kina wanga, rangi, sukari na gundi, na baadhi ya vitu hivyo huweza kukichafua kipimo. Kihisio kilichoandaliwa kwa kitu kimoja hakikioni kingine: watoto wa Gambia waliopoteza maisha mwaka 2022 baada ya kunywa dawa ya maji ya kifua na homa waliuawa na sumu iliyochanganyika na kimiminika, si kwa upungufu wa dawa. Na kupima damu ya mtu, kama ilivyofanywa Fukayosi, ni kugumu kuliko kupima kidonge, kwa kuwa katika damu dawa ni chache mno na vitu vya kuingilia kati ni vingi mno.

Kwa hiyo kihisio hakiji kuchukua nafasi ya maabara ya Mamlaka. Kinakuja kusimama mbele yake, kama bawabu, akichuja yanayostahili kufikishwa ndani. Jambo hili linataka utaratibu, na utaratibu ni kazi ya watumishi wa Serikali kabla haujawa kazi ya wanakemia. Mganga wa zahanati akikuta kilima kifupi kuliko inavyotakiwa, afanye nini? Tunavyoona sisi, asitangaze sokoni kwamba dawa ni bandia, kwani kipimo kimoja si hukumu, na wananchi wakiogopa dawa watakimbilia kwa watu wasio na kopo wala lebo. Alitenge lile kopo, aandike namba ya toleo lake, atie sampuli katika bahasha iliyofungwa, aitume, na mgonjwa apewe kutoka toleo jingine. Maabara ithibitishe kwa mashine kubwa. Sheria ianzie hapo.

Na jibu lirudi. Tunalirudia kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi mizuri imefia. Mtumishi wa kijijini hutuma taarifa, hungoja, huandika kukumbusha, kisha hunyamaza. Akishanyamaza mara moja hatatuma tena. Afisa wa wilaya anayelikalia jalada la sampuli kwa miezi miwili anaharibu dawa kama jua linavyoiharibu, ingawa yeye amekaa kivulini.

Liko pia suala la fedha, na hapa tungependa kuwa wakali kidogo. Walimu wenye ugonjwa wa kisukari wanaijua hadithi hii vizuri: kipimo chenyewe hupatikana, pengine hata kwa zawadi, lakini vibanzi vyake ndivyo vinavyoumaliza mshahara, na vibanzi vya mashine hii haviingii katika mashine ile. Nchi ikinunua vihisio vya dawa kwa mtindo huo, tutakuwa tumefungwa kwenye kamba ya mfanyabiashara wa mbali. Siku agizo likichelewa bandarini, mashine zote zitageuka mapambo ya kabatini. Tena vibanzi huharibika kwa unyevu, na unyevu wa mwambao wetu hauna huruma hata kwa vitabu.

Basi tufanye nini? Sehemu kubwa ya kazi hii yaweza kufanyika nyumbani. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitangaza mchoro wa chombo cha kupimia kiitwacho CheapStat, ambacho mtu aweza kukiunda kwa gharama isiyofikia dola 80, wakauacha wazi ili kila atakaye autumie. Vibanzi vyenyewe ni wino wa kaboni uliopigwa chapa juu ya plastiki au karatasi, kwa namna isiyotofautiana sana na wachapaji wetu wanavyopiga chapa fulana za maadhimisho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya kemia. Muhimbili wapo wafamasia. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Hakuna sababu ya maana ya watu hawa kufanya kazi kila mmoja chumbani kwake, akiandika makala ambayo itasomwa Ulaya na haitasomwa Chalinze. Wakabidhiwe kazi moja iliyo wazi: kibanzi cha kupimia dawa tano ambazo zahanati hutoa zaidi kuliko nyingine, kinachostahimili joto na unyevu wa mwambao, chenye bei ambayo halmashauri inaweza kuilipa bila kungoja mfadhili.

Kwa walimu tuna neno la pekee. Kemia ya kidato cha tatu ina mada ya uchanganuzi kwa umeme, na kila mwaka wanafunzi huikariri: anodi, kathodi, ioni huenda wapi. Wengi huiona kama adhabu. Lakini mwalimu aliyefungua betri ya redio iliyokufa amekwisha kupata fimbo ya kaboni, na hata risasi ya penseli imetumiwa na watafiti kupima parasetamoli. Shule isiyo na maabara haiwezi kutoa kipimo cha kutegemewa na mgonjwa, hilo lieleweke. Inaweza hata hivyo kumwonyesha kijana wa Kidomole au wa Msata kwamba kile anachokikariri ndicho kinachoweza kumlinda mdogo wake. Mafundi sanifu wa maabara ambao zahanati zetu zitawahitaji wako madarasani hivi sasa.

Maduka ya dawa muhimu nayo yasisahauliwe. Mpango huo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 uliwapa wauzaji wa vijijini mafunzo na kibali, na wananchi wengi hupita hapo kwanza kabla ya kwenda zahanati. Muuzaji mwaminifu hana cha kuogopa katika kupimwa. Tena yeye ndiye wa kwanza kudhulumiwa na msambazaji anayemletea katoni za mashaka kwa bei ya chini, na pasipo kipimo hana ushahidi wa kumrudishia.

Tunapendekeza majaribio yaanzie Bagamoyo. Wananchi wa wilaya hii wametoa damu yao kwa ajili ya sayansi kwa miaka mingi, katika uchunguzi wa dawa na katika majaribio ya chanjo za malaria, na faida yake imekwenda mbali kuliko mipaka ya nchi. Si dai kubwa kwamba chombo cha kupimia dawa kiwafikie wao mapema. Barabara ya lami ya kutoka Bagamoyo hadi Msata inapita Fukayosi. Taasisi ya Afya ya Ifakara ina tawi lake Bagamoyo mjini, lenye maabara na watu waliozoea kazi za namna hii. Bahasha ya sampuli ikiondoka Fukayosi asubuhi, yaweza kuwa mezani kwa mpimaji Dar es Salaam kabla ofisi hazijafungwa. Kilichobaki ni mtu wa kuandika barua ya kuliombea jambo hili fungu katika bajeti ya mwaka ujao, na mtu mwingine wa kuijibu.